Maisha Matano ya Yustina

Nimeacha kazi kwa sababu ya macho. Uzee ninao siku nyingi na haukuwahi kunizuia kitu, lakini mchoraji asiyeona anawapa wenzake kazi ya kufuta, na mimi sikutaka kufutwafutwa. Basi nimekaa nyumbani Kasokola, naandika haya kwa kalamu nene ya bango, herufi kubwa kama za mlangoni kwa bucha, kwa sababu hizo ndizo ninazoziona bado. Mwajuma wa ofisini atayachapa. Nimemwambia asinisahihishe. Niliishia darasa la tatu, lakini ninachotaka kusema nakijua.

Ni kwa ajili yenu vijana mnaoingia kwenye chumba chetu cha Makanyagio, nyuma ya duka la vifaa vya baiskeli, mnaotaka kuwa wachoraji wa gemu. Kompyuta itawafundisha mengi. Haya haiyajui.

Kabla ya gemu nilichora mabango. Saluni, bucha, mashine ya kusaga, fundi viatu. Nilijifunzia kwa marehemu mume wangu, ambaye mkono wake ulikuwa unatetemeka kwa pombe. Yeye alishika ngazi, mimi nikashika brashi, watu wakamsifu yeye. Ng'ombe niliyemchora kwenye bucha moja pale mjini alikuwa amenona kuliko ng'ombe yeyote aliyewahi kuuzwa humo ndani. Halafu yakaja mabango ya kuchapwa kwa mashine kwenye turubai, yana picha za wageni wanaocheka, na kazi yangu ikafa. Nikarudi kwenye jembe.

Siku ya kwanza ofisini sikwenda kuomba kazi. Nilimpelekea chakula mjukuu wangu Skola, niliyemlea tangu ana siku moja. Alikuwa amemaliza chuo cha kompyuta, amerudi nyumbani, amejiunga na wenzake wawili kutengeneza gemu za kwenye simu. Deusi ndiye mkubwa wao, kijana mrefu anayeongea polepole. Yeye anajenga miili na kuunganisha kila kitu kiende. Mwajuma kazi yake kutembeza. Mtu, ng'ombe, ndege, chochote mnachokiona kinatikisika kwenye skrini, Mwajuma ndiye aliyekitikisa. Skola alikuwa anachora.

Niliingia na hotipoti yangu ya ugali na samaki wa mgebuka, nikawakuta wote watatu wanaangalia ukuta. Ukuta wa nyumba ya tope, kwenye skrini.

"Shikamoo Bibi. Unauonaje?" Deusi akaniuliza, kwa heshima tu.

"Marahaba. Nani kaujenga?"

"Mimi," Skola akasema.

"Huu haujawahi kunyeshewa. Hakuna mbuzi aliyejisugua hapo. Hakuna mtoto aliyeegemea. Huu ni ukuta wa benki umepakwa rangi ya tope."

Mwajuma alicheka mpaka akashika meza. "Bibi Skola, tukuajiri!"

"Mkiniajiri mtalia."

Nilitoka uani, nikaomba ubao, nikaukandika tope lililochanganywa na kinyesi cha ng'ombe kama tunavyokandika nyumba, nikauacha juani upasuke wenyewe. Juu nikapaka masizi, pale moshi wa jikoni unapotokea. Chini nikatia alama za viganja, kimo cha mtoto wa miaka minne, maana ndipo wanapojishikiza wakitoka kula. Kesho yake Deusi akaupiga picha, akauingiza kwenye kompyuta. Skola akauangalia, hakusema asante, akasema, "Mke mwenzangu, kumbe ulikuwa unanificha." Keshokutwa wakaniita tena kwa ajili ya mlango. Shamba nikamkodisha jirani, na sikulirudia kwa miaka sita.

Vifaa vyangu havikuwa vingi. Mbao nyepesi, rangi za mafuta, chokaa, udongo mwekundu wa huku kwetu, masizi, na brashi mbili nilizofunga mwenyewe kwa nywele za mkia wa ndama. Walinipa ile kalamu isiyo na wino ya kuchorea juu ya kioo. Nilijifunza, lakini haina uzito, na mkono usiosikia uzito unadanganya. Kuhusu picha, sikilizeni vizuri. Usipige ubao wako picha juani. Jua linatia kivuli, na kivuli kikishaingia hakitoki, utakuta ng'ombe wako ana jua la saa nne hata akiwa ndani ya zizi. Subiri wingu. Kiangazi hakuna wingu, kwa hiyo mimi nilitundika chandarua cheupe juu ya ubao, jua likapita humo limelainika. Deusi alisema wenzetu wa nje wana taa za bei mbaya kwa kazi hiyo. Sisi tulikuwa na chandarua cha kliniki.

Jambo gumu kuliko yote ni ngozi. Lina jina la kigeni, nililikataa, nikaita ngozi, na ofisi nzima ikafuata. Kitu cha kwenye gemu ni hewa tupu yenye umbo. Lazima kivikwe ngozi, na ngozi yenyewe inachorwa ikiwa imelazwa bapa. Deusi alinieleza kwa chungwa. Akalimenya, akayatandaza maganda mezani. Sikuelewa, nikala chungwa. Siku ya tatu ndipo nikamuuliza, "Unamaanisha ngozi ya mbuzi iliyowambwa?" Naye hakuelewa, maana hajawahi kuwamba ngozi huyo. Nikamchorea: mbuzi amechunwa, ametandazwa kwa vijiti pande zote, mgongo katikati, tumbo limegawanyika kushoto na kulia, miguu imenyooshwa kwenye pembe nne. Akasema kuanzia leo wageni wote atawafundisha hivyo. Nyie ndivyo mlivyofundishwa. Mjue imetoka kwangu.

Na ngozi ina mshono. Kwenye mshono ndipo mvivu anapokamatwa. Ng'ombe wangu wa kwanza, baka jeupe la ubavu wa kulia halikukutana na la kushoto. Baba mmoja wa Kisukuma aliyekuwa ameingia kuomba kuchaji simu alimwangalia mara moja tu.

"Mama, huyu mmemshona kutoka ng'ombe wawili."

"Ni mmoja, baba."

"Ni wawili. Vipande vilivyobaki mmevila?"

Nilimrudia mara nne. Kwa ng'ombe, mshono ufiche tumboni. Kwa mtu, nyuma ya kichwa, chini ya nywele.

Watu wananiuliza, wachoraji wa gemu wakipumzika wanacheza gemu? Hawachezi. Skola akifungua gemu ya watu wengine haendi anakoambiwa aende. Anasogea mpaka kwenye gome la mti, anasimama hapo anatafuta mshono, huku simba wanamla. Deusi anafuga njiwa, na ukimkuta Jumapili amelala chali anahesabu wanavyokunja bawa, usidhani amepumzika. Mwajuma anafuma vitambaa vya makochi. Mimi nilikuwa natembea kwenye nyumba mpya za watu naangalia zinavyoanza kuchakaa. Mara moja nilifukuzwa na mbwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka wa nne Deusi alileta wazo. Dada anabeba tenga la dagaa kutoka Kapalamsenga, kule ziwani, mpaka Mpanda mjini. Anapita porini, kuna viboko, nyoka, ng'ombe waliokurupuka. Ukimfikisha umeshinda. Skola akasema, "Bibi, uso wake chora wewe."

"Ni mtu wa namna gani?"

"Mwenye nguvu," Mwajuma akadakia. "Hachoki huyo. Na tumempa maisha matano."

Nilirudi nyumbani na neno hilo.

Mama yake Skola aliitwa Yustina. Alikuwa binti yangu wa pekee. Alijifungua asubuhi hapa hapa Kasokola, salama, akanywa uji, akacheka. Mchana damu ikakataa kukatika. Tukampandisha kwenye baiskeli kumkimbiza mjini, baba yake anasukuma, mimi namshikilia mgongoni, na Skola nimemfunga kifuani. Hakufika. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Picha yake ilikuwepo moja, ya shule, na masika yaliyobomoa nyumba yetu ya zamani yaliigeuza uji. Skola amekua hajawahi kumwona mama yake hata kwenye karatasi.

Sasa mtu kama mimi akisikia fulani kapewa maisha matano, anaelewa nini? Nilielewa kama mtu aliyepewa mashamba matano. Mwanangu alipewa moja, nalo likakatiwa katikati. Nikasema kama hapa ofisini yanagawiwa, basi Yustina naye apate. Sikuuliza. Miaka minne kwenye kazi ya gemu, nachora mawe na kuta na ng'ombe, sikujua kwamba maisha ya kwenye gemu unapewa ili uyapoteze.

Nilichora siku kumi na nne. Paji la uso lilikuja lenyewe. Nyusi zikaja. Kovu la tetekuwanga juu ya shavu la kushoto nililiweka nimefumba macho. Mdomo ukakataa. Nilimkumbuka akicheka, lakini mtu akicheka mdomo unavutika, na mimi nilihitaji mdomo uliotulia. Siku tatu sikuuona. Skola alikuwa ameketi mbele yangu kwenye kompyuta yake, amebana midomo kama anavyofanya akiwaza. Nikauchora huo. Sikumwambia mtu.

Ubao wenyewe mkiuona mtakimbia. Ni uso uliowambwa, pua imetanda kama jembe, masikio yako huko kwenye pembe. Hakuna binadamu anayeweza kusema ni fulani. Ni ndani ya kompyuta tu, ukivikwa kwenye kichwa, ndipo unakuwa mtu.

Deusi alipouvika, akageuka, akatutazama. Nilisimama nyuma ya kiti nikashikilia mgongo wa kiti.

"Bibi," Skola akasema, "huyu ni nani?"

"Mama yako."

Mwajuma akazima redio. Skola hakulia. Aliweka kidole kwenye skrini, akapitisha kwenye paji, kwenye kovu, akafika kwenye mdomo.

"Mdomo wangu huu," akasema. "Kumbe nimeutoa kwake."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa nimesema ukweli kuhusu ukuta, kuhusu ng'ombe, kuhusu kila kitu cha watu kwenye chumba kile. Huo mmoja ukanishinda. Tangu siku hiyo Skola alianza kuwahi kazini kuliko wote. Anafungua kompyuta, anamgeuza mama yake taratibu upande huu na huu, kisha ndipo anapiga mswaki.

Gemu ikatoka. Watu wa Mpanda waliipenda kwa sababu iliwaonyesha njia wanazozijua. Siku moja nilikuwa natafuta bodaboda ya kunirudisha Kasokola, nikawakuta madereva watatu kijiweni wamemzunguka mwenzao mwenye simu.

"Kata kushoto! Kushoto wewe!"

"Kaliwa huyo."

"Kiboko kamtafuna na dagaa zake!" Wakacheka, wakapigana mabega.

Nikachungulia. Yustina alikuwa amepiga magoti barabarani. Kwanza magoti, halafu tenga, halafu uso chini. Mwajuma ni fundi, alimwangusha vizuri sana. Dagaa wakamwagika.

"Amefanya nini?" nikauliza.

"Kafa, bibi. Usiogope, ana maisha mengine matatu." Akabonyeza, Yustina akasimama. Hakwenda mbali, nyoka.

"Ee mwanangu, mwache," nikasema.

"Bibi naye anaijua! Unacheza?"

"Nimemzaa huyo."

Walicheka, wakadhani nasema kwa kuwa natoka kwenye ile ofisi. Aliyenibeba hakunitoza, akisema amebeba mama wa gemu. Nilishuka kabla ya nyumbani. Barabara ni ile ile, na mahali ambapo Yustina aliishia napajua. Nilikaa hapo mpaka jua likaanza kuzama.

Kesho yake niliingia ofisini sikusalimia.

"Mtoeni mwanangu kwenye gemu yenu."

Deusi akajaribu. "Bibi, gemu bila kufa hainogi. Mtu akijua hafi, hajali."

"Basi afe mwingine."

"Asiguswe," Skola akasema, hakugeuka.

"Skola, wanamuua barabarani. Wanacheka."

"Na anaamka." Sasa aligeuka. "Bibi, kule kwenu alikufa mara moja akabaki huko huko. Huku anaamka. Hapa ndipo mahali pekee nimemwona akiamka. Ukimtoa, nitamwangalia wapi? Kwenye ule ubao wa ngozi?"

Mwajuma alikuwa anafuta meza isiyo na uchafu.

Nilitaka nimchore tena. Mchoro wa kawaida, uso wa mbele, wa kutundika ukutani, ili gemu imwachie. Nikaandaa ubao, nikakaa. Katikati ya ubao kulikuwa na ukungu. Nikafuta macho, ukungu ukabaki. Hospitali wakaniambia ni presha ya macho, imekula mshipa wa ndani, kilichokwenda hakirudi, nitumie dawa nilinde kilichobaki. Nikamuuliza daktari kama kilichobaki kinatosha uso wa mtu mmoja. Akaniuliza mtu gani. Nikamwambia aendelee na wagonjwa wengine.

Kwa hiyo Yustina alikuwa yule mmoja tu, mle ndani, na kazi yake ilikuwa kufa. Na mjukuu wangu alimng'ang'ania kwa ajili ya mdomo ambao haukuwa wake. Nilivumilia mwezi mzima. Kila asubuhi namsikia Skola akiongea na mwenzake, "Angalia, mimi na mama tunabana midomo sawa." Asubuhi moja nikavuta kigoda nikakaa karibu naye. Deusi na Mwajuma walikuwa hawajafika.

"Skola, huo mdomo ni wako."

"Najua, Bibi. Wa mama na wangu."

"Wako peke yako. Wa mama yako niliusahau. Nilikuangalia ukiwa hapo ulipo, nikauchora wako."

Akaziba mdomo wa kwenye skrini kwa kiganja, akabaki anaangalia ya juu.

"Macho ni yake?"

"Ni yake."

"Kovu?"

"Ni lake. Nilimpaka dawa mwenyewe."

"Usinidanganye tena."

"Sikudanganyi."

"Pua?"

"Ya babu yako. Lakini naye alikuwa nayo."

Alicheka kidogo, halafu akalia, ile ya mtu mzima isiyo na sauti. Nilitaka kumshika, nikaona mkono wangu umekwenda pembeni, sikuwa napima umbali vizuri tena. Akaushika yeye, akauweka begani kwake.

"Kwa hiyo aliyekuwa analiwa na viboko ni mama na mimi," akasema.

Deusi alipofika Skola alimwambia amtoe. Deusi akauliza amweke nani. Mwajuma akasema, "Niwekeni mimi. Viboko nimewazoea, nina wakwe." Ngozi yake wakaipata kwa kumpiga picha pande zote, chini ya chandarua changu, na ndiye anayebeba dagaa mpaka leo. Lakini nawaambia ukweli nyie mnaoanza: kazi yetu ikishatoka hairudi yote. Wale waliopakua mwanzo na hawana bando la kupakua mpya bado wanaye Yustina. Yuko kwenye simu za watu, sijui ngapi, sijui wapi, anapiga magoti. Kabla hujampa kitu uso wa mtu wako, uliza kitafanywa nini. Uliza hata kama utaonekana mjinga. Mimi niliogopa kuonekana mjinga kwenye neno moja.

Skola amebaki na kichwa tu cha mama yake, kwenye kompyuta yake. Hana miguu, hana barabara, hakuna kitufe cha kumwangusha. Na mdomo ameufuta. Ameweka ngozi tupu pale. Mwajuma alimwambia inatisha, amrudishie hata ule wake. Akakataa, akasema bora nusu iliyo yake kweli, nusu nyingine ataingoja.

Siku yangu ya mwisho walininunulia soda na keki, Deusi akatoa hotuba ndefu kuhusu ngozi ya mbuzi. Skola akanisindikiza nje. Akanifunga kitenge vizuri, akaniambia kazi yangu iliyobaki ni moja. Haitaki macho.

Ndiyo ninayoifanya. Asubuhi nikimaliza dawa nakaa uani. Naanza na siku ambayo Yustina hakuwa anacheka, hakuwa analia, hakuwa anakula. Anachambua mchele. Anasubiri maji yachemke. Namfikia mpaka puani, mdomo haujaja. Sauti yake ninayo yote, naweza kuwaigia hata sasa alivyokuwa ananiita kutoka kisimani, lakini sauti haichoreki.

Saa mbili simu inaita. Naijua kabla sijaigusa, ni Skola.

"Bibi, shikamoo. Umeukumbuka?"

"Marahaba. Bado, mama."

"Haya. Nitapiga kesho."